Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenziwe

Mwezi wa Oktoba katika nchi ya majani chai ndio mwezi wa bonasi. Wakulima wadogo wadogo wa Kericho na Bomet, ambao mwaka mzima hubeba majani mabichi hadi kituo cha kupimia na kulipwa kwa kilo, hupata wakati huo fungu lao kubwa. Mwenye mtoto shuleni hulipa karo, mwenye nyumba mbovu hununua mabati, na mwenye maradhi ya pombe huzidiwa na maradhi yake. Hivyo ndivyo alivyonieleza rafiki yangu mmoja, Mkipsigisi wa upande wa Bomet, ambaye zamani tulifanya kazi pamoja Mombasa katika kiwanda cha kupiga chapa, yeye fundi wa mitambo na mimi msahihishaji. Baadaye aliacha kazi akarudi kwao kulima chai, nami nikabaki na kalamu yangu.

Mwaka jana, bonasi ikiwa bado wiki mbili, alinipigia simu usiku wa manane. Hakuomba pesa, kama nilivyodhania. Aliuliza kama najua ni wapi hukutana watu walioacha pombe, wakakaa pamoja na kusaidiana. Alikuwa amesikia kwamba vikao vya namna hiyo vipo duniani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti akaona sikosi kujua. Sikujua. Mimi nimelelewa chuoni, mbele ya ubao na fimbo ya maalim, na kileo sijapata kukitia kinywani. Lakini msomaji usilichukue hilo kuwa ni majivuno, kwani kwetu Pwani mnazi hugemwa asubuhi na jioni, na nimekwisha kuwasindikiza makaburini watu wa mtaa wetu ambao chupa zao zilikuwa chini ya kanzu. Basi nikapanda basi, nikenda.

Siku tatu tulizunguka, Bomet, Sotik, hata Kericho mjini. Pahala pamoja tulipewa karatasi yenye picha ya ini lililooza. Pahala pengine tulionyeshwa nyumba nzuri ya matibabu, lakini gharama ya mwezi mmoja ilipita mapato ya shamba lake kwa mwaka. Pahala pa tatu mtu mwema alimwekea mkono kichwani akamwombea kwa sauti kubwa mbele ya watu, na kesho yake sokoni hapakuwa na asiyejua. Wote walitaka kumsaidia. Nasema hivyo bila kejeli. Ila yeye alikuwa akitafuta kitu kingine. Jioni ya siku ya tatu, katika chumba cha wageni hapo Kericho, mvua ikipiga mabati na mikono yake ikitetemeka kama ya mwenye homa, sikuwa na la kumpa isipokuwa maisha ya mtu mmoja niliyopata kuyasoma, mtu aliyeanzisha vikao hivyo. Nilimsimulia usiku kucha, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Mtu huyo jina lake William Griffith Wilson, na wafuasi wake humwita Bill W. tu. Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, Marekani, nchi ya milima na machimbo ya marumaru. Yasimuliwa kwamba chumba alimozaliwa kilikuwa nyuma ya baa, katika hoteli iliyokuwa ya bibi yake. Babu yake mzaa baba alikuwa mnywaji mkubwa, na siku moja alipanda mlima ulio karibu na kijiji akamlilia Mungu, akashuka, asinywe tena mpaka kufa kwake. Mjukuu alikulia katika habari hiyo, wala haikumfaa kitu kwa muda mrefu.

Baba yake, aliyekuwa msimamizi wa machimbo na mpenzi wa chupa, aliondoka nyumbani mtoto akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mama naye akenda Boston kusomea utabibu, akawaacha Bill na dada yake mikononi mwa wazee wake. Tangu hapo kijana akawa mtu wa kutaka kushinda kila jambo ili aonekane. Babu alimwambia siku moja kwamba hakuna awezaye kutengeneza kile kigongo cha kurusha kinachorudi chenyewe ila wenyeji wa Australia. Bill alichonga miezi sita, akafika hata kukata ubao wa kitanda chake, mpaka kigongo kikaruka na kurudi. Mwaka 1912, akiwa shuleni, msichana aliyempenda, Bertha Bamford, alifariki baada ya kupasuliwa hospitalini, na kijana akaingia katika huzuni ambayo haikumwacha kabisa maisha yake yote.

Pombe aliionja akiwa na miaka 21, mwaka 1917, alipokuwa ofisa mpya wa jeshi la mizinga mjini New Bedford. Matajiri wa mji waliwaalika maofisa majumbani mwao. Yeye, mtoto wa kijijini, mrefu, mwenye haya, hakujua aweke wapi mikono yake. Alipewa bilauri. Alipoimaliza, haya ikamtoka, ulimi ukafunguka, akaona kwa mara ya kwanza kuwa naye ni mtu miongoni mwa watu. Wengi wetu tusiokunywa twadhani mlevi hutafuta wazimu. Rafiki yangu aliniambia la, hutafuta mahali pa kukaa na wenziwe bila kuona haya.

Tarehe 24 Januari 1918 Bill alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, kisha akapelekwa vitani Ulaya. Njiani, katika mji wa Winchester huko Uingereza, aliingia kwenye uwanja wa kanisa kuu akasoma beti zilizochongwa juu ya kaburi la askari mmoja, Thomas Thetcher, aliyefariki mwaka 1764 kwa sababu ya kunywa bia. Mimi kama mtunzi naona ajabu: watu husema mashairi hayafai kitu, na hapa palikuwa na ubeti uliomngoja kijana wa watu zaidi ya miaka 150 ili umwonye. Aliusoma, akaupenda, akaendelea na safari yake.

Aliporudi alisomea sheria, lakini siku za mwisho alikuwa amelewa hata asende kuchukua shahada yake. Akaingia katika biashara ya hisa New York, na hapo akili yake ilimlipa. Mwaka 1925 yeye na Lois walipanda pikipiki yenye kiti cha ubavuni, wakazunguka nchi na hema lao, wakichungulia viwanda ili kujua kampuni ipi ni nzima na ipi ni mgonjwa. Alipata mali nyingi. Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa likaanguka, naye akaanguka nalo. Mke akenda kuuza vitu katika duka kubwa la Macy's, na mume akawa akiiba pesa katika mkoba wa mkewe. Waliishi katika nyumba ya baba wa Lois, mtaa wa Clinton. Kuanzia mwaka 1933 alilazwa mara nne katika Hospitali ya Towns, New York, ambako Dakta William Silkworth alimfundisha jambo ambalo wengi hawakulikubali wakati huo: kwamba ulevi wa namna yake ni maradhi ya mwili na ya fikira, wala si ubaya wa tabia peke yake.

Kujua hakukumponya. Mwezi wa Novemba 1934 alijiwa na mlevi mwenzake wa zamani, Ebby Thacher. Bill akaweka chupa mezani, mgeni akakataa, uso wake umetakata. Ebby alikuwa ameingia katika kundi la kidini lililoitwa Oxford Group, akaletwa humo na mtu aitwaye Rowland Hazard. Rowland naye alikuwa amekwenda hata Uswisi kutibiwa na Carl Jung, yule bingwa wa maradhi ya nafsi, na Jung akamwambia kwamba yeye kama tabibu hana dawa tena, labda moyo ugeuzwe na Mungu. Tazama mnyororo huo: tabibu akakiri kushindwa, mgonjwa wake akamfikia wa pili, wa pili akamfikia wa tatu. Tarehe 11 Desemba 1934 Bill alikunywa mara ya mwisho, akiwa njiani kurudi hospitali. Humo kitandani, amekata tamaa kabisa, alilia aonyeshwe kama Mungu yuko, na chumba kikajaa nuru nyeupe, akajihisi yu juu ya mlima na upepo unampitia. Wako wasemao ilikuwa ni dawa alizopewa. Mimi simo katika mabishano hayo. Ninachojua ni kuwa aliishi miaka 36 zaidi, wala hakurudia.

Sasa ndipo penye kiini. Alipotoka hospitali aliona kuwa amepewa ujumbe, akawatafuta walevi vichochoroni, akawaleta nyumbani kwa mkewe, akawahubiria ile nuru yake. Miezi mitano alihubiri, asiache hata mmoja pombe. Dakta Silkworth alimshauri aache mahubiri, awaeleze kwanza maradhi yao yalivyo. Lois naye alimwambia kuwa yuko mmoja aliyebaki mzima kwa kazi hiyo, naye ni Bill mwenyewe.

Mwezi wa Mei 1935 alisafiri hadi Akron, jimbo la Ohio. Akron ulikuwa mji wa mipira ya magari kama Kericho ulivyo mji wa chai, kila kitu chanukia kile kinachotengenezwa. Alikwenda kupigania uongozi wa kampuni moja ya mashine, akashindwa, wenziwe wakarudi New York wakamwacha. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11. Alisimama katika ukumbi wa Hoteli ya Mayflower akiwa na kama dola kumi mfukoni. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na vicheko vilimfikia. Upande wa pili palikuwa na simu, na ukutani orodha ya makanisa ya mji. Aliwaza kuwa akinywa soda tu na kuzungumza na watu hapana ubaya. Kisha akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu aache. Akatambua kwamba hahitaji kasisi wala daktari saa ile. Amhitaji mlevi mwingine.

Alikwenda kwenye simu, akachagua jina la mchungaji mmoja, Walter Tunks, akamweleza shida yake ya ajabu. Mchungaji akampa majina kumi. Alipiga simu baada ya simu. Huyu hayupo, yule ana safari, mwingine hana nafasi. Jina la mwisho lilimfikisha kwa Bibi Henrietta Seiberling, mke wa mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya Goodyear. Bibi huyo alikuwa na rafiki mlevi ambaye yeye na wenziwe walikuwa wakimwombea, Dakta Robert Smith, mpasuaji. Lakini siku hiyo Dakta Smith alikuwa amerudi nyumbani na maua ya chungu kwa mkewe, akalala chini kwa ulevi, hawezi kuonana na mtu. Wakaahidiana kesho yake.

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Dakta Smith aliletwa, mikono yatetemeka, akisisitiza kuwa atakaa robo saa tu. Waliachwa peke yao chumbani. Bill hakumhubiria. Alimweleza yaliyompata yeye mwenyewe, bilauri kwa bilauri, na akamshukuru kwa kuja kumsikiliza, kwani aliyekuwa hatarini ni yeye Bill. Daktari alikuwa amekwisha kuonywa na kila mtu, lakini hajapata kuzungumza na mtu aijuaye pombe kwa ndani kama aijuavyo yeye. Walitoka saa tano ya usiku imepita.

Mambo hayakunyooka mara moja. Bill alihamia kwa Dakta Smith majira hayo ya joto. Daktari akasafiri kwenda mkutanoni, akalewa, akarudi taabani, na alikuwa na mgonjwa wa kupasua. Asubuhi ya upasuaji Bill mwenyewe alimpa chupa moja ya bia, ili mikono itulie ashike kisu. Akapasua, kisha akapotea mchana kutwa. Kumbe alikuwa akiwazungukia wadeni wake na watu aliowakosea, akiomba radhi. Ile bia ilikuwa ya mwisho kwake. Siku hiyo, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Mwezi huo huo wakenda hospitali ya mji wakamwona wakili mmoja aliyefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi. Akawa wa tatu.

Hapo rafiki yangu alinikatiza. Alisema kuwa babu yake alikuwa akikaa na wazee wenziwe kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na vijana hawakukaribia. Akauliza kama kikao cha hao Wamarekani ni kama kile, ila chungu kimeondolewa katikati. Nilimwambia sijapata kusikia kielezo kizuri kuliko hicho.

Mwezi wa Desemba 1938, akiwa kitandani na karatasi mapajani, Bill aliandika zile hatua 12 zinazofuatwa hadi leo: kukiri kuwa pombe imekushinda, kumtegemea mwenye nguvu kuliko wewe, kuyahesabu makosa yako, kuwaridhia uliowadhulumu, kisha kumfikishia mwingine. Wenziwe wasioamini waligombana naye juu ya kumtaja Mungu, na wakapatana kuwa kila mtu atamtegemea Mungu kwa namna amjuavyo yeye. Maalim wangu angekunja uso kwa hilo. Lakini sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa hata kileo hakikuharamishwa kwa siku moja. Kilikatazwa kwa daraja, watu wakachukuliwa pole pole mpaka wakaweza.

Kitabu chao kilitolewa mwaka 1939, kikakaa ghalani bila wanunuzi, jambo ambalo sisi waandishi twalijua vyema. Mwaka huo huo ile nyumba ya mtaa wa Clinton ikachukuliwa na wenye deni, na Bill na Lois wakahangaika miaka miwili wakilala kwa marafiki. Tajiri Rockefeller alisaidia kidogo, akakataa kutoa nyingi, akihofu kuwa pesa zingewaharibu. Mwaka 1941 gazeti moja kubwa liliandika habari zao, na wanachama wakatoka wapatao 2,000 hadi 8,000 kabla ya mwaka kwisha. Siku hizi wahesabiwa kama milioni 2 katika nchi zipatazo 180, na kile kitabu kimekwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Hakuna ada, hakuna sajili ya majina, hakuna mkubwa wa kuamuru. Ndiyo maana huwa vigumu kuwapata.

Nilimwambia rafiki yangu mabaya pia. Bill hakuwa walii. Alimhini mkewe kwa wanawake wengine, na Lois, aliyeanzisha jumuiya ya jamaa za walevi mwaka 1951, alivumilia mengi. Huzuni nzito ilimlaza kwa miaka. Ebby aliyemfungulia mlango alirudi kwenye pombe mara kwa mara, na Bill akamtunza bila kumkana hadi Ebby alipofariki mwaka 1966. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Yale kilitaka kumpa Bill shahada ya heshima, akaikataa ili jina lake lisiwe kubwa kuliko la wenzake. Sigara ikamshinda, akavuta hata mapafu yakaharibika. Na katika wiki zake za mwisho, baada ya miaka 36, aliwaomba wauguzi wake wiski, zaidi ya mara moja. Hawakumpa. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku aliyotimiza miaka 53 ya ndoa, akazikwa East Dorset.

Nilichelea kulisema hilo la wiski. Rafiki yangu alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa katika yote niliyomsimulia, hilo ndilo aliloliamini zaidi.

Asubuhi tulikwenda hospitali moja, si kulazwa bali kuuliza tu, na muuguzi mmoja mwanamke, ambaye hakumuuliza jina, aliandika nambari ya simu juu ya kipande cha karatasi. Ilikuwa ya mtu wa Litein, njiani kwenda Sotik. Kikundi hana, alisema, ila ameacha pombe miaka minane na hachoki kuzungumza. (Msomaji mwenye haja ajue kuwa halmashauri ya serikali, NACADA, nayo ina nambari isiyotozwa malipo, 1192.) Tulimkuta katika duka lake la mbolea na majembe. Alifunga mlango nusu, akatoa vigoda viwili, akaniambia kwa adabu kuwa hoteli iliyo ng'ambo ya barabara ina chai nzuri, mzee. Nilikunywa vikombe vinne. Walipotoka walikuwa wakisema Kikipsigisi, nami sikuuliza kitu.

Siku ya bonasi nilikuwa nimekwisha rudi Mombasa. Hakunipigia simu, na usiku huo sikulala. Alipiga asubuhi yake, akanieleza kuwa walikaa wawili pale dukani mpaka saa tano ya usiku, kisha mwenye duka akampeleka nyumbani kwa pikipiki. Tena wamepata wa tatu, mwanamke mchuma chai, na sasa wanatafuta chumba chenye viti.